Wapagazi wa Kapteni Bia

Wakati wa Wabelgiji kituo cha umeme cha Koni, kwenye mto Lufira, kiliitwa Bia. Kile cha Mwadingusha, juu yake kidogo, kiliitwa Francqui. Nzilo ikawa Delcommune, Nseke ikawa Le Marinel. Yaweke majina hayo manne pamoja, utapata orodha ya wakuu wa misafara iliyofika Bunkeya, mji wa mfalme Msiri, mwaka 1891 na mwanzoni mwa 1892, wengine wakimkuta Msiri hai, wengine wakikuta ameshauawa. Lucien Bia alikufa Agosti 1892, huku huku Katanga. Mwaka 1950 mitambo ya Koni ikaanza kuzunguka kwa jina lake, na umeme ukaenda kwenye migodi na viwanda vya kampuni ya Union Minière, Jadotville ikiwa jirani, mji ambao leo ni Likasi.

Enzi ya Mobutu majina ya wakuu hao yaliondolewa. Ya wapagazi wao hayakuondolewa, kwa sababu hayakuwahi kuwekwa. Ndivyo ilivyo pia kwa waliopasua mwamba na kumwaga zege miaka ya 1940: wanatajwa kwa jumla, kama nguvu kazi. Na kwa kuwa wengi wao walikuwa watu wa kanisa, au wajukuu wao ni watu wa kanisa, swali linatoka kwenye historia na kuingia sakristia. Maisha kama hayo yana uzito gani mbele ya Mungu? Na sisi tuliozaliwa nayo tunadaiwa nini?

Sauti zilizo hapa chini nimezitunga, kwa hiyo mtu asifunge safari ya Koni kuwatafuta wenyewe. Ila hoja zao nimezisikia kwenye mabaraza mengi ya kanisa, na mara nyingine zote tano nimezisikia kutoka kinywa kimoja. Tuseme ni Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ibada zimekwisha, viti vya plastiki viko chini ya mwembe, na mtu amependekeza kwamba tarehe 2 Novemba, siku ya Marehemu Wote, waliojenga kituo waombewe kwa majina. Orodha hakuna.

MWALIMU: Nianze na lililo wazi. Tunaweza kusoma majina ya wakubwa wote, na vyeo vyao. Ya vibarua hatuwezi. Kwa hiyo ama tuombe kwa jumla, "na wote waliofanya kazi hapa", ama tuache.

PASTA: Muache. Nimeitikia mwaliko kwa heshima ya Baba Katekista, lakini sitaficha ninaloamini. Watu wanakuja kwangu wakilia. Mmoja mimba zinaharibika kama zilivyomharibikia shangazi yake. Mwingine kazi anapata na kupoteza kila mwaka, baba yake alikuwa hivyo hivyo. Tunafunga, tunakesha, tunakata vifungo vya ukoo. Miezi mitatu tumekata kamba, leo nyinyi mnataka tukaifunge tena kwa mikono yetu? Musa ameandika kwamba uovu wa baba unafuatiliwa hadi kizazi cha tatu na cha nne.

KATEKISTA: Soma na mstari unaofuata, Pasta. Adhabu ni vizazi vitatu au vinne. Rehema ni kwa maelfu. Mbona kwenu hesabu inaishia kwenye nne?

PASTA: Rehema ni kwa wampendao. Babu zetu wangapi walimpenda?

MAMA: Na Ezekieli 18 tumpeleke wapi? Pale Mungu anakataa kabisa mtoto kubebeshwa kosa la baba. Mimi sijasoma chuo cha Biblia, Pasta, lakini sura hiyo naijua, maana nilipofiwa na mtoto wa pili waliniambia ni damu ya ukoo wa mume wangu. Nikaitafuta mwenyewe mpaka nikaipata.

(Pasta hakujibu hapo, na mimi sitamjibia. Theolojia ya vifungo ina nguvu kwa sababu inajibu maumivu ya kweli. Udhaifu wake ni kwamba inamfahamu babu kwa kosa tu. Hakuna anayekwenda kwenye mkesha kuuliza babu yake alisali sala gani.)

KIJANA: Naomba nami niseme. Nyote mnabishana kama hao wazee walikuwa laana au baraka. Mimi nauliza walilipwa? Nguzo za umeme zinapita juu ya vijiji, watu chini yake wanapikia makaa na kusomea tochi ya simu. Mkiwasomea majina, taa itawaka? Tuliambiwa Mungu anawajua kwa majina. Sawa. Kampuni nayo iliwajua kwa namba, na ikapata shaba yake.

MAMA: Namba hiyo ninayo.

Alichokitoa Mama kwenye mkoba ni kipande cha kazi cha baba mkwe wake, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni uliokuwa wa chumvi. Karatasi imekuwa rangi ya chai. Namba imegongwa kwa muhuri juu, alama ya kidole gumba imeenea wino upande mmoja, kama mkono uliosukumwa. Chini kuna mistari ya posho: mke, 1, watoto, 4. Union Minière ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwataka wafanyakazi wake wakae kampini na wake zao, si kwa huruma bali kwa sababu mwanamume mwenye familia hakimbii kazi, na posho ikagawiwa kwa kuhesabu vichwa.

MAMA: Mama mkwe wangu yuko kwenye karatasi hii. Ni huyo "1". Alizaa saba, wanne ndio waliokuwa hai siku hiyo. Ndiye aliyewafundisha wote kusali, kwa sababu baba alikuwa zamu ya usiku. Mume wangu hakujifunza Baba Yetu kwa padri. Alijifunza akisongewa bukari.

KIJANA: Na ndiyo maana nakasirika, Mama. Tukishamwita mtakatifu tunaacha kuuliza kwa nini aliandikwa namba.

MWALIMU: Kuuliza kulikuwepo. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai mishahara, huku Jadotville pia. Elisabethville, Lubumbashi ya leo, tarehe 9, askari waliwafyatulia risasi uwanjani. Waliokufa ni makumi. Jina linalokumbukwa ni la Léonard Mpoyi, karani aliyekuwa msemaji wao. Wengine wote wako nyuma ya jina lake.

KATEKISTA: Kijana anauliza swali zito, tusilizunguke. Anauliza kama mateso ya kulazimishwa yana thamani yoyote mbele ya Mungu. Shahidi wa imani anachagua. Isidore Bakanja, aliyewahi kuwa kibarua wa ujenzi kule Équateur, aliambiwa avue skapulari akakataa, akachapwa, akafa kwa vidonda Agosti 1909. Kanisa lilimtangaza mwenye heri mwaka 1994. Floribert Bwana Chui wa Goma alikataa rushwa, hakukubali mchele ulioharibika upite mpakani, wakamuua mwaka 2007. Juni 2025 naye alitangazwa mwenye heri, Roma. Hao walisema hapana. Lakini mpagazi wa Bia hakuulizwa. Alifungiwa mzigo.

KIJANA: Basi umenipa ushindi, Baba.

KATEKISTA: Bado. Kuna mtu mmoja katika Injili ambaye naye hakuulizwa. Simoni wa Kirene. Anatoka shamba, hana habari, askari wanamkamata, beba. Ni kazi ya kulazimishwa, kama salongo ya enzi zetu ila yenye mkuki. Haandikwi kuwa aliamini. Haandikwi kuwa alilia. Marko anaongeza neno dogo tu: kwamba ni baba yao Iskanda na Rufo.

KIJANA: Na hao ni nani?

KATEKISTA: Ndilo swali! Marko haelezi. Mtu haelezi jina ambalo wasikilizaji wake wanalijua. Maana yake kanisa lililosoma Injili hiyo kwanza lilikuwa na Iskanda na Rufo ndani yake, wamekaa kwenye benchi. Na Paulo, akiwaandikia Warumi, anamsalimu Rufo mmoja pamoja na mama yake, akisema mama huyo amekuwa mama kwake pia. Wengi wanaamini ni Rufo yule yule. Mimi naamini.

PASTA: Hapo nakubaliana nawe.

KIJANA: Mimi sikubali upesi hivyo. Mnataka kusema Warumi walimfanyia hisani? Kwamba bila kukamatwa wanawe wasingeokoka? Kesho mwenye mgodi atasimama hapa aseme, bila mimi msingelipata kanisa.

MAMA: Hatusemi hivyo, mwanangu. Askari aliyemkamata ana kesi yake mbele ya Mungu, na kesi hiyo haijafutwa kwa sababu Rufo alibatizwa. Ila Simoni naye si mali ya askari. Alirudi nyumbani jioni, bega limechubuka, mkewe akamuuliza, umepitia wapi? Naye akasimulia. Askari hakuwa na amri juu ya maneno yale.

Nimekaa na jibu hilo muda mrefu kuliko majibu mengine yote humu, nami naliona ndilo kiini. Tumezoea kuwatazama watu wa aina hii kwa macho mawili tu. Jicho la kwanza ni la kampuni: mgongo, namba, posho. La pili ni la ibada ya mazishi inayosafisha kila kitu, mateso yakawa "mapenzi ya Mungu" na mwajiri akasahauliwa kwa heshima. Mama anakataa yote mawili. Dhuluma inabaki dhuluma, na aliyedhulumiwa anabaki na kitu ambacho dhuluma haikukifikia: alichokisimulia nyumbani, na waliokisikia. Urithi wa imani unapita hapo, mezani, kwa mtu ambaye rejista ya kampuni inamwita "1".

Mwalimu alitaka kuturudisha kwenye wapagazi wenyewe, na ilikuwa haki yake.

MWALIMU: Msafara wa Kapteni Stairs, ule uliomuua Msiri tarehe 20 Desemba 1891, ulitoka pwani ya Zanzibar. Wazungu walikuwa wachache wa kuhesabika. Wengine, mamia, walikuwa wapagazi na askari waliozungumza Kiswahili hiki hiki. Wengi hawakurudi. Njaa ilikuwa imeshika nchi ya Bunkeya, na msafara uliofuata, wa Bia na Francqui, nao ulizika watu wengi. Stairs mwenyewe alifia Chinde, mlangoni pa Zambezi, mwaka 1892. Daktari wake, Joseph Moloney, aliandika kitabu kikatoka 1893. Kwa hiyo tunajua kapteni alikuwa na homa siku gani. Aliyembeba kwenye machela siku hiyo hatumjui.

KIJANA: Pengine alikuwa Mwislamu.

MWALIMU: Pengine. Wengi walikuwa.

KIJANA: Basi mtamwombea kwenye misa?

KATEKISTA: Tutamwombea. Misale ya majimbo ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, inawaita mwanzoni mwa misa watakatifu, kisha wahenga wetu waliomtafuta Mungu kwa moyo mnyofu. Haikuandika "wahenga waliobatizwa". Ingekuwa hivyo tungebaki na wachache mno.

PASTA: Na hapo ndipo tunapoachana, Baba. Wahenga hawaitwi. Ukoo wa kale ulikwisha msalabani. Tazameni hata Bwana mwenyewe: Matayo anaanza na orodha ndefu, fulani akamzaa fulani, inashuka mpaka kwa Yesu, halafu inakatika. Yesu hakuzaa. Mama yake na ndugu zake walipokuja kumwita nje, aliwatazama waliokaa kumzunguka akasema hao ndio mama na ndugu. Damu imefika mwisho. Sasa ni Roho.

MWALIMU: Swadakta. Lakini tukuulize, Pasta: huko kwenye Roho, wewe ni wa ukoo wa nani?

PASTA: Wa Kristo.

MWALIMU: Kwa mkono wa nani?

PASTA: Kanisa letu lilitokana na wamisionari wa Mwanza ya huku Kongo, kwa Waluba. Burton na Salter. Walifika mwaka 1915.

MWALIMU: Wawili, hawajui Kiluba, na malaria juu. Nani aliwahubiria watu wakaelewa? Ni Waluba na Wasongye waliokuwa wameuzwa utumwani Angola, wakaamini huko, wakaachiwa, wakatembea kurudi na nyimbo zao na vitabu vyao. Mmoja wa waliorudi ni Shalumbo. Aliwahi kuwa mkamata watumwa yeye mwenyewe. Burton alimwandikia kitabu kizima, ndiyo maana tuna jina lake. Waliotembea pamoja naye hatuna majina yao. Sasa ukikata vifungo vya mababu, unamkata na Shalumbo? Alikamata watu. Ni laana au ni baba yako?

Pasta alicheka, kicheko cha mtu aliyeguswa mahali.

PASTA: Shalumbo ni baba. Hilo nalikubali.

KATEKISTA: Na dhambi zake?

PASTA: Zilisamehewa.

KATEKISTA: Zilisamehewa, wala hazikufichwa, maana Burton aliziandika. Ndilo ninalotaka kwa wazee wetu wote. Sitaki wawe safi, nataka wajulikane.

Katekista ana sababu ya kushikilia uzazi wa aina hii. Alilelewa katika Jamaa. Wasomaji wa pwani huenda hawaijui, nayo ni moja ya mambo makubwa yaliyowahi kufikiriwa kwa Kiswahili katika Ukristo, kwa hiyo nitaikawilia kidogo. Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji aliyefika Kongo mwaka 1933 na kujulikana kwa kitabu chake cha falsafa ya Kibantu cha 1945, alipewa baadaye kuwahudumia wafanyakazi wa migodi karibu na Kolwezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 yeye na familia chache za wachimbaji walianza kukaa pamoja na kuzungumza: mtu ni nini? Anataka nini hasa? Wakapata maneno matatu, uzima, uzazi na mapendo, na juu yake wakajenga mafundisho yote. Mume na mke waliingia pamoja au hawakuingia. Aliyekuongoza akawa baba yako na mkewe akawa mama yako, na wewe ukizaa wengine kwa mafundisho wakawa watoto wako. Johannes Fabian, mtaalamu wa anthropolojia aliyeishi nao miaka ya 1960, aliandika kitabu juu yao mwaka 1971.

KATEKISTA: Mimi naweza kutaja ukoo wangu wa Jamaa kama Matayo. Fulani alimzaa fulani kwa mafundisho, mpaka kwa Baba Placide. Na baba aliyenizaa mimi alikuwa mfagiaji wa karakana. Huko kazini msimamizi alimwita kwa filimbi. Jioni, watu wenye vyeo walikuja nyumbani kwake na kumwita Baba, nao walimaanisha.

PASTA: Si ilipigwa marufuku?

KATEKISTA: Ilibanwa. Miaka ya 1970 maaskofu waliwataka viongozi wakatae mambo fulani, waliokataa kukataa walitengwa. Kulikuwa na makosa, sitayatetea. Wengine walijifanya wana siri ambayo padri hana. Ila wazo lenyewe halikuwa kosa. Watu waliotolewa Kasai, Rwanda, Luapula, wakawekwa kampi moja wasijuane, walipata wazazi.

KIJANA: Umesema Kasai. Umeligusa mwenyewe, Baba.

Kimya kilichofuata kila mtu wa Likasi anakifahamu. Agosti na Septemba 1992 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa mjini. Nyumba ziliporwa na kuchomwa, na makumi ya maelfu wakakaa stesheni na mashuleni wakingoja treni za kuwapeleka mkoa ambao wengi wao hawakuwahi kuuona. Watoto walikufa pale pale kwenye reli, wengine wakafia mabehewani. Walikuwa watoto na wajukuu wa watu walioletwa na Union Minière kuchimba na kujenga. Waliowafukuza wengi walikuwa wamebatizwa, kama waliofukuzwa.

KIJANA: Ndiyo sababu nina wasiwasi na neno "urithi wa ukoo". Nimezaliwa baada ya hapo, lakini nimesikia. Mtu alisema "hii ni nchi ya babu zangu", halafu akachukua friji ya jirani. Mkianza kusoma majina ya waliojenga Koni, mtasoma ya kabila gani? Mkikuta nusu ni Wakasai, mtaendelea kusoma?

MAMA: Jumapili ile kwaya yetu ilisimama bila besi. Mabesi wote walikuwa stesheni. Tuliimba hivyo hivyo, sauti tatu, mwalimu wa kwaya akaendelea kupiga mkono upande wao kana kwamba wapo. Sikuwahi kusikia wimbo umevunjika namna ile. Nilipeleka maji na mihogo mara kadhaa, kisha nikaacha, niliogopa.

MWALIMU: Orodha ya Matayo aliyoitaja Pasta ina wanawake wanne kabla ya Mariamu. Rahabu ni wa Yeriko. Ruthu ni Mmoabu. Tamari wengi wanamhesabu Mkanaani. Wa nne hata hatajwi jina, anaitwa mke wa Uria, na Uria ni Mhiti. Ukiwafukuza wageni kwenye ukoo huo, treni inaondoka na babu yake Daudi ndani yake.

PASTA: Hilo nitalihubiri.

KIJANA: Lihubiri huko huko mjini, si hapa.

Baada ya hapo walizungumza mambo mengi ambayo sitayaleta yote. Pasta alishikilia kwamba wafu hawaombewi, na hakusogea, sikutegemea asogee. Mwalimu alipendekeza kamati, kama walimu wanavyopendekeza. Kijana alikubali majina yasomwe kwa sharti kwamba siku hiyo hiyo isomwe barua ya kudai umeme kwa vijiji, na Katekista akasema barua haisomwi altareni lakini inaweza kusainiwa mlangoni. Ni Mama aliyeuliza lile lililowarudisha kwenye hoja.

MAMA: Kila mwaka naandika majina ya wafu wangu kwenye karatasi ya daftari, nakunja noti ndani, nakupa. Unasoma. Wangu kumi na moja, wa jirani tisa, wa mwenyekiti wa parokia ukurasa mzima. Asiye na mtu je? Mmoja kati ya wale mabesi alizika mtoto kwenye makaburi yetu kabla ya kufukuzwa. Nani analileta jina lile?

KATEKISTA: Hakuna.

MAMA: Basi mwaka huu nitalileta mimi. Si damu yangu. Mama yake Rufo hakuwa damu ya Paulo.

Hapo ndipo ninapoegemea. Hoja ya Pasta kwamba damu si mwisho wa jambo ni sahihi, naye Kijana amesema kweli kwamba ukoo peke yake umeshafanya mauaji hapa kwetu. Lakini jibu walilolielekea wote wawili mwanzoni, kuyaacha majina, linawaacha wanyonge mahali walipowekwa na kampuni. Ukristo wenyewe ulianza kwa watu kubeba majina ya wasio wao: Marko na wana wa mpagazi, Paulo na mama wa mtu mwingine, mkamata watumwa wa zamani aliyerudi kutoka Angola na Injili. Kusema "Mungu anawajua" ni kweli ya imani, ila asiyefungua rejista hana haki ya kuitumia kama kisingizio.

Rejista zipo. Kila parokia hutunza vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi, na makanisa ya Kiprotestanti yana daftari za washarika. Kwa sehemu kubwa ya Katanga hizo ndizo karatasi za zamani ambamo mwanamke anaandikwa kwa jina lake badala ya idadi, pamoja na jina la mama yake na la msimamizi wake. Mchwa hawangoji jubilei. Ndugu mapadri na wachungaji wa Likasi, Kambove na bonde lote la Lufira, wapeni vijana wenye simu ruhusa ya kupiga picha kurasa hizo mwaka huu, nanyi wasomaji, mnapoandika karatasi zenu za tarehe 2 Novemba, ongezeni jina moja la mtu asiye na ndugu wa kumleta.